Sauti ya Tajiri kwa Mtoto wa Miaka Minne

Kila wafanyabiashara wa Uvira wanapopata fursa ya kuketi na wakubwa wa serikali, ama kwa jina la shirikisho lao la FEC, ama kila mmoja kwa nafsi yake, madai yao hujulikana hata kabla kinywa hakijafunguliwa: barabara ya taifa namba 5 itengenezwe, barieri za njiani zipunguzwe, ushuru wa Kavimvira na wa bandari ya Kalundu usitozwe mara mbili, na umeme usikatike. Madai hayo ni ya haki, wala hapana mwenye insafu atakayeyabeza, kwani mchele wa Luvungi unaoharibika ndani ya lori lililokwama matopeni ni hasara ya mkulima kabla ya kuwa hasara ya tajiri. Walakini katika orodha hiyo ndefu hukosekana dai moja ambalo, kwa maoni yangu, lastahili kutajwa pamoja na barabara, na pengine kabla yake: kwamba hazina ya umma igharimie malezi na mafunzo ya watoto walio kati ya miaka mitatu na mitano, yaani wale ambao bado hawajafikia umri wa shule ya msingi, na ambao leo, katika sehemu kubwa ya bonde la Ruzizi, wameachiwa bahati zao.

Neno langu lisifahamike vibaya. Siwaombi matajiri watoe sadaka, ingawa sadaka ina thawabu yake. Wala siwaombi wajenge kila mtu shule yake na kuandika jina lake langoni. Ninalowaomba ni jambo gumu zaidi, ingawa gharama yake ni ndogo: waitumie heshima waliyo nayo mbele ya watawala, heshima ambayo mama muuza ndagala hana, kudai kwamba fedha za umma, zikiwemo kodi zao wenyewe, zitengwe kwa ajili ya mtoto mdogo kama zinavyotengwa kwa ajili ya daraja. Mama akilalamika, huambiwa asubiri. Mwenye depo na malori akiuliza swali lile lile, huandikiwa barua ya jibu. Hiyo si haki, lakini ndiyo desturi ya mambo yetu, na madhali ndiyo desturi, heri itumike walau mara moja kwa manufaa ya asiye na msemaji.

Mwenye kutaka ushahidi asiende mbali. Asimame kitambo kidogo katika soko la Luvungi, asubuhi, wakati wanawake wanapoteremsha mizigo ya muhogo na mahindi, na wanunuzi kutoka Uvira na Bukavu wamekwisha kuwasili na magari yao. Atamwona mama akipima mchele kwa gigozi, ule mkebe mtupu wa maziwa ya watoto uliogeuka kipimo cha biashara. Na chini ya meza yake, baina ya magunia, mtoto wa miaka mitatu ameketi juu ya kipande cha kitenge akichezea vifuniko vya chupa. Na nyuma yake msichana wa miaka minane au tisa, ambaye saa hiyo ingempasa kuwa darasani, amembeba mdogo wake mgongoni. Mama huyo akiambiwa kwamba bei ya Kamanyola leo ni nzuri kuliko ya hapa, hawezi kwenda. Akiambiwa asubiri alasiri mnunuzi mkubwa afike, hawezi kusubiri, kwa kuwa mtoto amechoka na jua limekuwa kali. Basi huuza kwa bei ya yeyote aliye mbele yake, akafunga mzigo akarudi. Kwa kukosa chumba kimoja chenye mwalimu na kivuli, watu watatu wamepata hasara kwa siku moja: mama amepoteza faida, msichana amepoteza somo, na mdogo amepoteza saa ambazo hazirudi. Wa nne ni tajiri mwenyewe, ambaye hununua mchele kidogo kuliko ule ambao ungemfikia, kutoka kwa watu wenye fedha kidogo ya kununua sukari na sabuni zake.

Wataalamu wa maumbile ya mwanadamu wamekwisha kubainisha kwamba miaka ya mwanzo ya uhai ndiyo inayojenga kwa kasi kubwa misingi ya lugha, ya kumbukumbu na ya kujizuia nafsi, na kwamba mtoto aliyekosa chakula bora, mazungumzo na michezo yenye mafunzo katika miaka hiyo hubaki akikimbiza wenzake kwa muda mrefu. Jambo hilo mkulima wa mpunga wa bonde hili halimshangazi: ajua kwamba mche uliodhoofika kitaluni, hata ukihamishiwa shamba lenye maji maridhawa, hautoi suke alilolitarajia. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2017 hadi 2018 ulionyesha kwamba watoto wapatao asilimia 42 walio chini ya miaka mitano katika Kongo wamedumaa kwa lishe duni. Na wale waliobahatika kuingia darasa lolote la awali ni haba mno, hawafiki mmoja katika kila kumi, na wengi wao ni wana wa mijini ambao wazazi wao huweza kulipa minervali, yaani ada ya shule.

Sheria zetu, ama kwa hakika, hazina ubaya. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, imeamuru kwamba elimu ya msingi katika shule za umma iwe ya lazima na ya bure, na tangu Septemba 2019 amri hiyo ilianza kutekelezwa, hata mamilioni ya watoto wakamiminika madarasani. Sheria ya elimu ya Februari 2014 nayo imeitambua shule ya watoto wadogo kuwa daraja halali la elimu ya taifa. Lakini ile neema ya bure iliishia kwenye kizingiti cha darasa la kwanza. Aliye chini ya miaka sita hakuguswa nayo. Matokeo yake yaonekana wazi katika shule za bonde: mtoto ateremka kutoka milima ya Lemera akiwa na Kifuliiru cha mama yake peke yake, aingia darasa lililojaa hata benchi la watoto wawili likakaliwa na wanne, akutana na Kiswahili cha mwalimu na Kifaransa cha ubaoni siku moja, naye hajapata kushika chaki wala kuketi kitako kwa nusu saa akimsikiliza mtu asiye wa nyumbani kwao. Mtoto huyo akirudia darasa, hazina hulipa mwaka ule ule mara mbili. Akirudia tena, baba yake humwondoa na kumpeleka shambani. Serikali iliyoona fedha ya chekechea kuwa nyingi hujikuta imelipa nyingi zaidi kwa kuikosa.

Yuko atakayesema kwamba makampuni yaliwahi kulifanya jambo hili katika nchi yetu bila ya serikali, na kwamba hapana sababu ya kuisumbua. Kauli hiyo ina nusu ya ukweli. Union Minière ya Katanga, ilipochoshwa na gharama ya kuleta vibarua kutoka mbali, wafanyao kazi kwa miezi michache na kurudi kwao, iligeuza siasa yake katika miaka ya 1920, ikawaruhusu wafanyakazi kukaa na wake zao kambini, ikafungua zahanati za kupima watoto wachanga na kugawa maziwa, ikaweka shule za wadogo na za wakubwa chini ya wamisionari. Daktari Léopold Mottoulle, mshauri wa kampuni hiyo, aliieleza siasa hiyo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1946, wala hakuficha kwamba mtoto mwenye afya aliyezaliwa kambini ndiye mfanyakazi wa kesho. Hesabu yao ilikuwa sahihi, bali nia yao ilikuwa finyu: walimlea mtoto kwa kadiri kampuni ilivyomhitaji, na aliyekuwa nje ya ua wa kambi hakuwahusu. Kisha kampuni ikataifishwa, ikawa Gécamines, na uchimbaji ulipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, shule na hospitali zake zikaporomoka pamoja nao.

Sisi wa bonde hatuna haja ya kwenda Katanga kuyajua hayo, kwa kuwa Kiliba iko karibu. Kiwanda cha sukari kilikuwa maisha ya tarafa nzima: miwa, mishahara, kambi ya wafanyakazi na matibabu yao. Vita vya mwaka 1996 vilipokisimamisha, havikusimamisha mashine peke yake. Vilikatisha kila kitu kilichokuwa kikitegemea mashine zile. Fundisho lake ni kwamba haki ya mtoto haifai kufungwa katika bomba la moshi la kiwanda, kwa maana kiwanda hufilisika, mwenye nacho hufa au huhama, lakini watoto huendelea kuzaliwa. Ndiyo sababu tajiri mwenye kuona mbali huidai hazina ya umma, ambayo yapasa kudumu baada yake.

Nchini Marekani, ambako wenye mali hawasifiki kwa kupenda kodi, wakuu wa makampuni walilitambua jambo hili zamani kidogo. Jumuiya yao iitwayo Committee for Economic Development, iliyoundwa mwaka 1942, ilitoa mwaka 1987 taarifa ya kuhimiza serikali iwekeze kwa watoto maskini tangu wakiwa wadogo, na tangu hapo haikuacha kulisemea. Mwaka 2003 wachumi wawili wa tawi la Minneapolis la benki kuu ya Marekani, Art Rolnick na Rob Grunewald, waliandika kwamba majimbo yanayoshindana kuvuta viwanda na viwanja vya michezo kwa ruzuku yangepata faida kubwa zaidi kama fedha hizo zingewekwa kwa watoto. Hoja yao ilitegemea shule moja ndogo ya Ypsilanti, katika jimbo la Michigan, ambako tangu mwaka 1962 watoto 123 wa jamaa maskini waligawanywa makundi mawili, kundi moja likapata chekechea na jingine likakosa, nao wakafuatwa hata walipotimiza miaka 40. Na wale waliopata walionekana kusoma zaidi, kuchuma zaidi na kufungwa gerezani kwa uchache. Mchumi James Heckman, mshindi wa tuzo ya Nobel ya mwaka 2000, akishirikiana na wenziwe, alikadiria faida yake kuwa asilimia 7 hadi 10 kwa kila mwaka. Na huko Tulsa, katika Oklahoma, jimbo lililowafungulia watoto wote wa miaka minne mlango wa shule ya awali kwa sheria ya mwaka 1998, tajiri wa mafuta na wa benki, George Kaiser, ametumia mali yake na jina lake kuwatetea wadogo hao.

Sisemi kwamba tarakimu za Michigan zaweza kupakiwa kwenye lori na kushushwa Luvungi. Shule ile ilikuwa na walimu wenye elimu ya juu na watoto wachache kwa kila mwalimu, nayo ilizungukwa na barabara, mahakama na soko la kazi visivyofanana na vyetu. Lakini liko moja lisilobadilika kwa kuvuka bahari: wanaume na wanawake waliozoea kuuliza faida ya kila senti waliuliza, wakapata jibu, wakaenda mbele ya wabunge si kuomba punguzo la kodi, bali kuomba kodi itumike mahali fulani. Mbunge aliyezoea kusikia maneno hayo kwa walimu na akina mama alishtuka kuyasikia kwa mwenye kiwanda.

Na kama Marekani ni mbali, majirani zetu si mbali. Mombasa, katika miaka ya 1980, wazee wa Kiislamu waliosikitika kuona watoto wao wakiachwa nyuma mashuleni walipata auni ya Wakfu wa Aga Khan, na kwa juhudi za mwalimu Bi Swafiya Said ukaanza mpango wa chekechea za madrasa, uliochanganya mafunzo ya dini, lugha ya nyumbani na michezo iliyotengenezwa kwa vitu vya papo hapo. Mpango huo ukaenea hata Zanzibar na Uganda. Ni kazi adhimu, na kwa miaka mingi jamaa zenyewe ndizo zilizoibeba. Hata hivyo serikali nazo zilikuja kuingia: Kenya, kwa katiba ya mwaka 2010, imezikabidhi kaunti jukumu la elimu ya awali, na leo walimu wa chekechea ni waajiriwa wa kaunti, nayo Tanzania, kwa sera ya mwaka 2014, imeufanya mwaka mmoja wa awali kuwa sehemu ya elimu ya lazima. Ukivuka ziwa kutoka Kalundu hadi Kigoma, utakuta darasa la awali ndani ya ua wa shule ya msingi ya serikali. Madarasa hayo yana msongamano, na walimu wake wana malalamiko yao. Lakini yapo, na kilichopo hurekebishwa.

Najua majibu nitakayopewa, na yana uzito. La kwanza ni kwamba serikali isiyowamekaniza, yaani kuwaingiza katika orodha ya mishahara, walimu wote wa shule ya msingi, hata wengine hufundisha mwaka baada ya mwaka bila mshahara, haiwezi kuongezewa mzigo wa chekechea. Nasema kwamba mzigo huo haufai kuanzwa kwa kishindo. Na uanze kwa darasa moja la mwaka mmoja, kwa watoto wa miaka mitano, ndani ya shule za msingi ambazo tayari zina ua, kisima na mkurugenzi. Na mwalimu wake aingizwe katika orodha ya mishahara kabla darasa halijafunguliwa, wala si baada ya hapo. Mkutano wa mataifa uliofanyika Tashkent mwezi wa Novemba 2022 ulizihimiza serikali zitenge walau asilimia 10 ya fedha za elimu kwa ajili ya wadogo. Sisi tungeanza hata kwa nusu ya hiyo, mradi ifike.

La pili ni la wafanyabiashara wenyewe: kwamba wamechoka kutozwa. Nani atawalaumu? Kuna ushuru wa soko, wa mazingira, wa barabara, wa barieri, na mwingine ambao risiti yake haijapata kuonekana. Lakini fedha zipo kwa majina yake, kama zikifuatwa. Waajiri hukatwa mchango wa INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya ufundi, tangu asilimia 1 hadi 3 ya mishahara kwa kadiri ya ukubwa wa kampuni, ili watu wazima wafundishwe ufundi. Ni insafu kuuliza kama sehemu ndogo yake haingezaa zaidi kwa mtoto wa miaka mitano kuliko kwa kijana wa miaka ishirini asiyejua kusoma maandishi ya mashine. Katiba, katika kifungu cha 175, imeyapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayopatikana kwao, na katika kifungu cha 204 imeiweka shule ya watoto wadogo miongoni mwa mambo ya jimbo. Basi mtu wa kuulizwa anajulikana: ni gavana na bunge la Kivu Kusini, na fedha ya kuuliziwa inajulikana: ni ile ambayo katiba iliahidi na ambayo haijapata kurudi kamili. Tajiri akidai asilimia hiyo kwa ajili ya barabara peke yake, ataonekana mwenye kujitafutia. Akiidai kwa barabara na kwa chekechea pamoja, atakuwa na kila mama wa bonde nyuma yake.

La tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni vita. Mwezi wa Disemba 2025 mapigano yaliteremka kwa barabara ile ile kutoka upande wa Kamanyola, yakapita Luvungi na Sange hata Uvira, na watu wengi wakavuka kwenda Burundi na watoto mikononi. Katika hali kama hiyo, kuzungumza habari za chekechea kwaweza kuonekana ni anasa. Lakini kila baada ya vita huja wakati wa kuandika orodha ya vitu vya kujengwa upya, na kila mara orodha hiyo huandikwa na wale waliokuwa na sauti kabla ya vita. Lisiloandikwa mwanzo halipati fungu mwisho. Aidha mtoto aliyeona aliyoyaona njiani ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya mahali pa utulivu, pa mwalimu amjuaye kwa jina, na pa kikombe cha uji asubuhi. Kumwambia asubiri amani ikamilike ni kumwambia akue bila ya kitu, na akishakua hivyo, amani yenyewe itakuwa na adui mmoja zaidi, kwa maana wanaoandikisha vijana wenye bunduki hawakosi kumtafuta asiye na elimu wala kazi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wenzetu wafanyabiashara ni wa vitendo. Bajeti ya jimbo itakapojadiliwa tena, FEC ya Uvira ipeleke ujumbe wenye maswali matatu yaliyoandikwa: ni kiasi gani kimetengwa kwa watoto walio chini ya miaka sita, kitafika shule zipi katika bonde, na ni nani atakayetia sahihi kwamba kimefika. Chama cha wanawake wa soko la Luvungi kiwe ndani ya ujumbe huo, kisije nyuma yake, kwa kuwa wao ndio wajuao saa za soko, na chekechea inayofungwa saa nne asubuhi haimfai muuzaji anayefunga meza alasiri. Utawala wa Mwami wa Bafuliiru, unaopokea ushuru wa masoko, uombwe utenge fungu linalojulikana, na hesabu yake ibandikwe kwenye ukuta wa soko ambapo kila aliyelipa aweza kuisoma au kusomewa. Na matajiri nao wakubali masharti yanayowahusu: walipe kinachostahili kwa risiti, waache ile njia ya mkato ya kumpa mtoza ushuru nusu yake ili nusu nyingine isamehewe, kwa sababu mtu aliyeidhulumu hazina usiku hana ulimi wa kuidai mchana.

Yote hayo hayataki ukarimu wa ajabu, wala hayataki mtu aache kutafuta faida. Yanataka mwenye mali akiri kwamba wafanyakazi, wateja na majirani atakaokuwa nao mwaka 2045 wako tayari hapa, wana miaka minne, na kwamba juu ya barabara nzuri watakuja kupita watu waliofundishwa au watu waliotelekezwa. Kuchagua kati ya hao si kazi ya mama mwenye gigozi peke yake. Siku FEC itakapotia dai hilo katika orodha yake, pale juu, jirani na barabara namba 5, wabunge wa jimbo hawatapata tena nafasi ya kusema kwamba hakuna aliyewaomba.